Treni inapita, haisimami: shajara ya kudai kituo kipya cha mjini

Shajara hii inafuata kazi ya kudai kituo kwenye reli ya abiria inayokata mtaa wenye watu wengi bila kusimama. Kituo cha karibu, upande wowote utakaoelekea, kiko zaidi ya kilomita mbili. Treni ni za kichwa cha dizeli na mabehewa manane, mwendo wa juu kilomita 80 kwa saa, moja kila dakika 20 saa za msongamano. Hesabu zimeachwa wazi ili kikundi chochote kiweke tarakimu za njia yake. Makosa nayo yamebaki yalipotokea.

Wiki ya 1. Ramani

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchora eneo ambalo kituo kitahudumia. Wengi huchora duara la mita 800 kuzunguka sehemu ya kituo, kwa kuwa mtu mzima hutembea kama mita 80 kwa dakika na dakika kumi ndio mwisho wa subira ya wengi. Duara hilo lina kilomita za mraba 2. Linapendeza, lakini linadanganya. Mtaa uliokatwa na reli, mtaro mkubwa na ukuta wa maghala hautembeleki kwa duara. Nyumba iliyo mita 150 kutoka relini inaweza kuwa mita 900 kwa miguu kwa sababu kivuko kiko mwisho wa barabara.

Kwa hiyo njia zilitembewa, simu ikirekodi mwendo: kuanzia mahali panapodhaniwa pa kituo, kila uchochoro hadi dakika kumi ziishe, kisha alama. Alama zikiunganishwa, umbo linalotokea linafanana na nyota iliyovunjika, na huwa dogo kuliko duara kwa kiasi cha kushtua. Umbo hilo ndilo la kupeleka kwenye kikao. Mhandisi akikuta duara atajua mara moja kwamba hakuna aliyetembea.

Rekodi pia kila upenyo uliotobolewa kwenye uzio wa reli na kila njia ya vumbi iliyokanyagwa. Mamlaka huziona kuwa uharibifu, ila kwa anayepanga kituo ni takwimu za bure: zinaonyesha watu wanatoka wapi na wanataka kwenda wapi. Penyo mbili kati ya zilizopatikana zilielekeana pande mbili za reli, na hapo ndipo mlango wa kituo unapaswa kufikiriwa kwanza.

Wiki ya 2 na 3. Kuhesabu watu

Siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi, kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi saa 3 asubuhi, kwenye kila kituo cha basi kilichomo ndani ya ile nyota. Fomu ina safu nne tu: robo saa, waliopanda, waliobaki kwa kukosa nafasi, na uelekeo wa basi. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa. Waliopanda wanaonyesha huduma iliyopo, waliobaki wanaonyesha pengo.

Yaliyoharibika: siku ya kwanza baadhi ya wahesabuji waliandika wanaosubiri badala ya wanaopanda, na mtu aliyesubiri nusu saa akahesabiwa mara mbili. Fomu hizo zilitupwa zote, kwa sababu hakuna namna ya kuzisahihisha baadaye. Basi lenye milango miwili linahitaji wahesabuji wawili, na wiki ya likizo za shule haifai kabisa.

Dodoso fupi lilienda sambamba. Swali la "Je, ungetumia kituo kikijengwa?" liliondolewa. Kila mtu hujibu ndiyo, na wapanga usafiri wanajua hivyo, kwa hiyo hulipunguza jibu hilo hadi karibu na sifuri. Yaliyobaki ni haya: jana asubuhi ulikwenda wapi, ulitoka nyumbani saa ngapi, ulifika saa ngapi, ulibadilisha gari mara ngapi. Kutokana na majibu hayo, safari ya treni inalinganishwa na safari halisi ya mtu halisi, na dakika zinazookolewa zinapatikana bila kumuuliza mtu anapenda nini.

Wiki ya 4. Sahihi

Sahihi zilikusanywa kwa sababu diwani na mbunge wanazihitaji mkononi. Kwenye shirika la reli hazisogezi kitu. Karatasi zikishapokelewa na kugongwa muhuri, swali linalofuata ni moja: treni itachelewa kiasi gani?

Hapo kampeni nyingi hufia. Zinakuwa zimejiandaa kuthibitisha kwamba mtaa una shida, jambo ambalo hakuna anayelibisha, na hazina jibu kuhusu ratiba. Kuanzia hapa kazi yote ilielekezwa huko.

Wiki ya 5 na 6. Dakika mbili

Treni ikisimama mahali ambapo zamani ilipita, inapoteza muda mara tatu: ikifunga breki, ikiwa imesimama, na ikichukua tena mwendo. Sehemu ya kati kila mtu anaiona. Mbili nyingine husahaulika.

Kanuni ni nyepesi. Geuza mwendo kuwa mita kwa sekunde (kilomita 80 kwa saa ni mita 22.2). Muda unaopotea kwenye breki ni mwendo huo ukigawanywa kwa mara mbili ya nguvu ya breki. Kwenye kuondoka ni hivyohivyo, kwa mara mbili ya nguvu ya kuchukua mwendo. Kwa treni nzito ya kichwa cha dizeli, makadirio ya wastani ni mita 0.5 kwa sekunde kila sekunde kwenye breki, na 0.25 kwenye kuondoka:

breki: 22.2 ÷ 1.0 = sekunde 22
kuondoka: 22.2 ÷ 0.5 = sekunde 44
kusimama: sekunde 45
jumla: sekunde 111, karibu dakika mbili

Treni ya umeme yenye mota chini ya mabehewa mengi hubadilisha hadithi. Ikiwa na 0.8 kwenye breki na 0.7 kwenye kuondoka, inapoteza kama sekunde 14 na 16. Ukiongeza kusimama sekunde 40, jumla ni sekunde 70. Ndiyo maana kituo kinachokataliwa leo kinaweza kukubaliwa siku njia itakapowekewa umeme, na ndiyo maana ni vizuri kudai nafasi yake itengwe kwenye michoro hata kama ujenzi hauko karibu.

Onyo kuhusu kanuni: inadhani treni ilikuwa imefikia kilomita 80. Treni hii ya dizeli inahitaji karibu mita 500 kusimama na karibu kilomita moja kurudi kwenye mwendo. Vituo vikikaribiana chini ya kilomita moja na nusu, haifiki 80 kabisa, na kanuni itakuonea.

Baada ya hesabu ya karatasi, vipimo vya kweli. Chagua kituo kilichopo ambacho baadhi ya treni hukipita bila kusimama. Panda ile inayosimama na ile isiyosimama, chukua saa kwenye vibao viwili vya kilomita, kimoja kabla ya kituo na kingine mbele yake, mahali ambapo treni zote mbili zina mwendo kamili. Tofauti ndiyo hasara yote, bila kanuni. Rudia angalau mara kumi kwa kila aina. Kosa lililotokea hapa: muda wa kusimama ulipimwa kuanzia milango kufunguka hadi kufungwa. Gurudumu husimama kabla ya mlango kufunguka na huanza kuzunguka baada ya mlango kufungwa, kwa hiyo sekunde kumi na zaidi zilipotea kwenye fomu. Pima gurudumu, usipime mlango.

Sasa lile linalomkosesha usingizi mpanga ratiba. Dakika mbili zenyewe si tatizo lake. Tatizo ni idadi ya treni.

Chukua njia ya dakika 50 kwenda na 50 kurudi, na dakika 9 za kugeuza kila mwisho. Mzunguko mmoja ni dakika 118. Treni zikipita kila dakika 20, gawanya: 118 ÷ 20 = 5.9, kwa hiyo treni sita zinatosha. Ongeza kituo kinachokula dakika mbili kila upande. Mzunguko unakuwa 122, na 122 ÷ 20 = 6.1. Hakuna moja ya kumi ya treni. Inabidi iwepo ya saba: kichwa, mabehewa manane, dereva, kondakta na nafasi karakana. Dakika nne za mzunguko zimezaa treni nzima.

Ndiyo maana jibu la mdomo huwa "haiwezekani" hata pale kituo chenyewe si cha gharama kubwa. Afisa anayekataa anaitetea treni ya saba ambayo hana, na mara nyingi hata hasemi hivyo waziwazi. Kikundi kinarudi nyumbani kikiamini mtaa umedharauliwa. Pengine umedharauliwa kweli, lakini hilo halitatui 6.1.

Hesabu hii ina upande wake mzuri: kama mzunguko ungekuwa dakika 110, kituo kingeingia bila kumgusa mtu, kwa sababu dakika kumi zingekuwa zinalala bure. Kabla ya kulalamika, piga hesabu ya mzunguko. Ratiba iliyobandikwa ukutani kituoni inatosha: soma treni ileile inafika mwisho saa ngapi na inaondoka tena saa ngapi.

Wiki ya 7. Kutafuta dakika mahali pengine

Dakika nne zilitafutwa kwenye njia yote. Sehemu tatu zilichunguzwa.

Kugeuza. Dakika 9 zinatumika kukata kichwa, kukizungusha hadi upande wa pili, kukiunga na kujaribu breki. Zinaweza kupungua, ila ndizo pia zinazomeza ucheleweshaji. Ukizikaba, treni iliyochelewa asubuhi itachelewa hadi jioni. Pendekezo hili liliwekwa kando.

Milango. Abiria hujazana behewa la mbele na la nyuma kwa sababu ngazi za vituo ziko ncha hizo. Mlango wenye watu wengi ndio unaoamua treni itaondoka lini, hata kama mingine yote imetulia. Kuwasambaza abiria kunaokoa sekunde chache kila kituo. Zinasaidia, lakini hazifiki dakika nne.

Sehemu ya mwendo mdogo. Hapa ndipo mzigo ulipopatikana. Kuna mita 600 zenye kikomo cha kilomita 20 kwa saa kwa sababu ya mataruma (mihimili inayoshika reli) yaliyooza na kokoto zilizojaa matope juu ya kalvati. Dereva haruhusiwi kuongeza mwendo mpaka behewa la mwisho litoke, kwa hiyo treni ya mita 180, kichwa kikiwemo, inatambaa mita 780. Kwa kilomita 20 kwa saa, hizo ni sekunde 140. Kwa kilomita 60, ni sekunde 47. Tofauti ni zaidi ya dakika moja na nusu, kila upande.

Rudi kwenye mzunguko: kituo kinaongeza dakika 2, ukarabati unarudisha 1.5, inabaki nusu dakika kila upande. 118 + 1 = 119. Treni sita. Ombi likabadilika sura siku hiyo: badala ya "tujengeeni kituo", likawa "karabatini mita 600 na mjenge kituo, mzunguko utabaki chini ya 120". Ombi la pili lina rafiki ndani ya shirika, maana idara ya matengenezo ya njia inataka mita hizo zikarabatiwe kwa sababu zake yenyewe.

Kuna jambo la kutolificha: dakika moja ya akiba ni nyembamba, na lazima iandikwe kwenye barua. Wakiigundua wao, utaonekana ulitaka kuwapitisha mlango wa nyuma.

Wiki ya 8. Sehemu tatu, ikabaki moja

Kati ya sehemu tatu zilizofikiriwa kwa kituo, A iko karibu kabisa na soko na ndiyo iliyopendwa na wote. Iko kwenye kona. Ukali wa kona hupimwa bila kuingia relini (usiingie relini, ni hatari na ni kosa): kwenye picha ya angani chora mstari wa mita 100 unaogusa reli kwenye ncha zote mbili, kisha pima pengo kati ya katikati ya mstari na reli. Nusu kipenyo cha kona ni urefu wa mstari ukizidishwa kwa wenyewe, kisha kugawanywa kwa mara nane ya pengo. Pengo lilikuwa mita 5: 10,000 ÷ 40 = mita 250. Kanuni za Ulaya za miundombinu ya reli hazitaki jukwaa jipya kwenye kona iliyo chini ya mita 300, na hata hapo zinapendelea njia iliyonyooka.

Sababu ni jiometria tu. Behewa halipindi, ni kama rula. Lenye magurudumu yaliyoachana mita 14 hutokeza katikati yake karibu sentimita 10 kuelekea ndani ya kona, na ncha zake hutoka nje. Jukwaa linarudishwa nyuma lisigongwe, na pengo kati ya mlango na jukwaa linakuwa la kutumbukiza mguu wa mtoto. Kondakta naye haoni milango yote kutoka mwisho wa treni, hivyo muda wa kusimama unaongezeka. A ikaondoka, na kikao kilichofuata kilikuwa kirefu.

Sehemu C imenyooka, ila iko kwenye mwinuko wa 1 kwa 80 (kupanda mita moja kila mita 80). Mvutano wa dunia hapo unakula mita 0.12 kwa sekunde kila sekunde, karibu nusu ya nguvu yote ya kuondoka. Treni inayopanda ingepoteza sekunde 87 kwenye kuondoka badala ya 44, na siku ya mvua magurudumu yangeteleza. Dakika zilizopatikana kwenye kalvati zingemezwa hapo. C nayo ikaondoka.

Sehemu B ina mita 210 zilizonyooka na karibu tambarare. Mabehewa manane ya mita 20 ni mita 160. Ukiongeza mita 10 za dereva kukosea kusimama, jukwaa ni mita 170. Inatosha. Kasoro yake ni kivuko cha barabara kilicho mwisho wake.

Kivuko hicho kilichukua siku nyingi kuliko yote. Jukwaa likiwa kabla ya kivuko, vizuizi vinaweza kushuka treni inapokaribia na kubaki chini muda wote abiria wanapopanda, na foleni ya magari inaishia mtaa wa pili. Likiwa baada ya kivuko, treni inapita kwanza, vizuizi vinapanda, kisha abiria wanashuka kwa utulivu. Kwa kuwa kuna njia mbili za reli, suluhisho ni majukwaa yasiyotazamana: la kwenda upande mmoja wa barabara, la kurudi upande mwingine, kila moja likiwa baada ya kivuko kwa treni yake. Inahitaji nafasi iliyonyooka pande zote mbili. Upande wa pili ulipimwa ukatosha, ingawa kibanda cha umeme kitabidi kihamishwe.

Wiki ya 9. Kufika jukwaani

Mchoro wa kwanza ulikuwa na daraja la ngazi. Mwenye kiti cha magurudumu, mwenye mzigo kichwani na mama mwenye mtoto wote wangebaki chini. Mteremko wa 1 kwa 12 ndio mkali kuliko yote unaokubalika kwa kawaida. Kanuni za Marekani zinadai pia mahali tambarare pa kupumzikia pa mita 1.5 kila baada ya kupanda sentimita 76. Daraja la kuvuka juu ya treni linapanda kama mita 6. Hesabu: mita 72 za mteremko na mapumziko saba, jumla mita 82.5, kila upande. Hakuna nafasi hiyo. Lifti inaweza kuingia, lakini lifti inayoharibika bila fundi wa karibu ni ukuta wenye kitufe.

Njia ya chini ya reli inashuka mita 3.5 tu: mita 42 na mapumziko manne, jumla 48. Ni fupi, ila inajaa maji na usiku inaogopesha. Kwa majukwaa yasiyotazamana, hata hivyo, abiria wanavuka kwenye kivuko cha barabara kilichopo, na mteremko pekee ni wa kupanda jukwaa. Jukwaa la sentimita 76 linahitaji mita 9 na kidogo. Uamuzi uliochukuliwa kwa ajili ya magari ukaokoa daraja zima, jambo ambalo hakuna aliyelipanga.

Taa ziliwekwa kwenye orodha kuanzia mlango wa kituo hadi barabara kuu, si jukwaani peke yake. Dodoso lilionyesha wazi kwamba wanawake wanaorudi baada ya saa 1 usiku wanauliza njia ya kutoka kituoni kabla ya kuuliza nauli.

Wiki ya 10. Kwingine walifanyaje

Mfano uliofaa zaidi ni njia ya Fairmount mjini Boston, Marekani. Ina urefu wa kama kilomita 15 na inapita Dorchester na Mattapan, mitaa iliyokaa miaka mingi ikiona treni zikipita. Baada ya wakazi kudai kwa muda mrefu, Talbot Avenue ilifunguliwa 2012, Newmarket na Four Corners/Geneva 2013, na Blue Hill Avenue 2019, iliyocheleweshwa pia na upinzani wa majirani wa reli. La kunakili ni kwamba walidai nauli pamoja na vituo: mwaka 2013 nauli ya sehemu kubwa ya njia ilishushwa hadi kiwango cha treni za ndani ya mji. Kituo chenye nauli ya mbali ndani ya mtaa wa kipato kidogo hubaki na jukwaa safi lisilokanyagwa.

Chicago ilitangaza kituo cha Damen kwenye njia ya kijani mwaka 2017, kuziba pengo la kama kilomita 2.4 kati ya vituo vya California na Ashland. Kilifunguliwa Agosti 2024. Hiyo ni miaka saba kwa kituo kilichokwisha kukubaliwa. Waambieni wakazi mapema.

Mjini Washington, kituo kinachoitwa sasa NoMa–Gallaudet U kilifunguliwa 2004 kwenye njia iliyokuwa ikifanya kazi tangu 1976, na wamiliki wa ardhi walikubali kuchangia dola milioni 25 kwa tozo maalumu. Njia hii ya fedha inavutia, lakini inahitaji ardhi tupu inayosubiri maghorofa. Kwenye mtaa uliojaa wapangaji, thamani inayopanda ndiyo kodi ya nyumba inayopanda.

Lea Bridge, London, ilifungwa 1985 ikafunguliwa tena 2016. Kama njia yenu ina kituo cha zamani kilichokufa, anzieni hapo: waliokijenga walikwisha kuchagua sehemu tambarare na iliyonyooka.

Wiki ya 11. Gharama

Kwa ufupi. Zege la jukwaa si ndilo linalotisha. Bei hupaa kwenye nyaya za ishara zinazohamishwa, kibanda cha umeme, mabomba ambayo hakuna mwenye ramani yake, na kazi zinazofanyika usiku tu kwa saa chache njia inapofungwa. Stesheni ya Thanet Parkway huko Uingereza, iliyofunguliwa Julai 2023, ilifika takriban pauni milioni 44, mara kadhaa ya makisio ya mwanzo. Usitaje bei yoyote hadharani kabla ya upembuzi yakinifu. Tarakimu ya kwanza kutajwa ndiyo itakayokumbukwa milele.

Wiki ya 12. Kikao na barua

Barua ilikuwa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza: mzunguko wa sasa, mzunguko na kituo, mzunguko na kituo pamoja na ukarabati, na ile dakika moja ya akiba. Wa pili: ramani ya nyota, waliobaki vituoni kwa robo saa, na mchoro wa sehemu B. Sahihi zilikuwa kiambatisho.

Pingamizi lililotarajiwa lilikuja: abiria waliomo tayari watachelewa. Jibu lake ni hesabu. Tuseme treni ina watu 600 inapofika B, na kila mmoja anapoteza dakika 2. Hasara ni dakika 1,200 za watu. Abiria mpya akiokoa dakika 20, wanahitajika 60 kwa kila treni ili mizani ilingane. Kituo kikiwa mbali na mjini, treni bado haijajaa na idadi inayohitajika ni ndogo. Kikiwa karibu na mwisho wa njia ulio mjini, ni kubwa. Fomu za vituo vya basi ndizo zinazosema kama 60 hao wapo. Ukarabati wa kalvati unapunguza hasara hiyo hadi nusu dakika, na 60 wanakuwa 15.

Pingamizi ambalo halikutarajiwa: nani atafagia, nani atalipia umeme wa taa, nani atalinda? Shirika lilisema si kazi yake, halmashauri ikasema iko ndani ya hifadhi ya reli. Danadana hiyo ilichukua wiki mbili. Kilichosaidia ni rasimu ya makubaliano ya ukurasa mmoja yenye mstari uliochorwa kwenye ramani: ndani ya mstari ni la shirika, nje ni la halmashauri. Pelekeni rasimu hiyo siku ya kwanza.

Wiki ya 15. Jibu

Shirika halikukubali wala kukataa. Lilitoa pendekezo la treni moja kati ya mbili kusimama B, yaani huduma kila dakika 40 asubuhi. Pendekezo linaonekana la huruma lakini ni mtego: abiria hawezi kupanga maisha kwa treni ya kila dakika 40, wachache watapanda, na uchache wao utatumiwa kama ushahidi. Zaidi ya hapo, treni zinazosimama na zisizosimama zikifuatana kwenye njia moja, nafasi kati yao hubadilika na ya nyuma huikuta ya mbele kwenye ishara nyekundu. Jibu lililorudishwa: treni zote zisimame saa za msongamano, hata kama saa nyingine zitapungua.

Ukarabati wa mita 600 umeingizwa kwenye mpango wa matengenezo. Mataruma yako kwenye orodha, kalvati bado.

Wiki ya 17. Safari ya majaribio

Limekubaliwa jaribio la siku tano bila kujenga chochote. Ubao mweupe utawekwa kando ya reli pale pua ya kichwa inapopaswa kufika sehemu B. Treni mbili za mchana zitasimama hapo sekunde 45, milango ikiwa imefungwa, kisha ziendelee. Abiria watatangaziwa kabla ya kuondoka mwanzo wa njia ili asije mtu akajaribu kushuka.

Fomu ya jaribio ina safu sita: kibao cha kilomita kabla ya B, gurudumu kusimama, gurudumu kuanza, kibao baada ya B, muda wa kufika mwisho wa njia, na muda wa kuondoka tena. Wapimaji wawili kwa kila treni, mmoja behewa la mbele na mmoja la nyuma, saa zikiwa zimelinganishwa kabla ya kupanda. Mtu wa tatu atasimama kivukoni akiandika vizuizi vinashuka saa ngapi, vinapanda saa ngapi, na magari mangapi yamesubiri. Treni za mchana hazijajaa, kwa hiyo sekunde za kuondoka zitatoka pungufu kidogo kuliko za asubuhi. Hilo limeandikwa juu ya fomu kwa wino mwekundu.